Mapazia ya Kasuku na Nyumba Isiyokuwapo

9 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena ya mtu aliyepiga saluti kwanza, maana huku mkono umeshazoea kupanda wenyewe. Nimefika salama. Tumbo lilinisumbua melini lakini sasa limetulia, na jina la Kijiko limenifuata hadi jeshini. Nilidhani nimeliacha jikoni kwako. Siku ya kwanza tu nilionekana nikitafuta kijiko kikubwa kwenye kikapu cha vyombo, na yule tuliyetoka naye mtaa mmoja akawaeleza wote.

Habari za mtaani? Cherehani bado inakwama kwenye mishono minene? Msalimie Fundi Saa, hata kama hamsemezani wiki hii.

Huku vita viliisha mwaka juzi, na sisi wageni tuna kazi mbili: kulinda amani isije ikatoroka, na kujenga vilivyobomoka. Kikosi chetu kimepewa zahanati. Ya zamani ilipigwa bomu, zikabaki ngazi tatu zinazopanda kwenda pasipo na kitu. Mimi nimepangiwa rangi na maandishi, kwa sababu niliwaambia nani alipaka jina la duka lako. Namshukuru Mungu, sehemu yangu ya kazi imekwisha mapema kuliko ya wenzangu wote.

Meja, mkubwa wetu wa ujenzi, ametuagiza kila mmoja aandike nyumbani maneno ya kutia moyo. Anasema magazeti yameanza kuuliza tunafanya nini huku, na kabla ya mwezi wa saba Bunge litakaa kuamua tubaki au turudi. Basi nakutia moyo, Shangazi: zahanati imeshaanza kuonekana toka barabara kuu.

Mwanao,
Kijiko

2 Februari

Mwanangu Kijiko,

Marahaba, na usile vitu usivyovijua. Sisi wazima. Cherehani inakwama kama kawaida yake, nami naipiga kofi kama kawaida yangu. Binti wa jirani ameposwa, posa ikarudishwa, ikaletwa tena, kwa hiyo gauni lake nimelianza mara mbili. Mguu wangu hauna neno.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikawasomea wateja, kisha mwalimu mkuu akaniomba niisome kwenye ukumbi wa mtaa. Nilipofika pale pa kuonekana toka barabara kuu, watu walipiga makofi. Isipokuwa mmoja, na unamjua. Fundi Saa alisimama na ile miwani yake ya jicho moja akiwa ameipandisha kwenye paji la uso, akasema, "Mimi sina ugomvi na watu wa huko, Mungu awape afya. Ila zahanati yetu wenyewe inavuja hadi chini ya kitanda cha daktari, na sisi tunapeleka askari kwenda kuezeka kwa watu. Nauliza tu."

Mtu akisema nauliza tu, ujue hajaja kuuliza. Nilimjibu kwamba mtu ambaye saa ya ukutani kwake imesimama toka mjomba wake afariki asitufundishe kipi kitangulie na kipi kifuate. Watu wakavunjika mbavu. Papo hapo tukaunda Kamati ya Kuunga Mkono, na mwenyekiti ni huyu huyu anayekuandikia.

Sasa sikiliza. Tutawashonea mapazia. Zahanati bila mapazia ni aibu, mtu anachomwa sindano huku wapita njia wanampungia mkono. Muuza vitambaa ametoa robota zima la bure, kitambaa kizito cha kijani chenye kasuku wakubwa wekundu. Kimekaa dukani kwake miaka, lakini zawadi haiulizwi umri. Niandikie upesi vipimo vya madirisha, urefu na upana, na uniambie kama juu kuna fimbo au waya.

Shangazi yako,
Mwenyekiti

27 Februari

Shangazi yangu Mwenyekiti,

Shikamoo kwa cheo kipya. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa kitanda akaniuliza kama nina homa. Pole kwa gauni la binti wa jirani. Mwambie asiongeze wala asipunguze mwili mpaka wakubaliane.

Huku tu wazima. Chakula ni cha makopo, na makopo yamebanduka karatasi, kwa hiyo kila mlo ni bahati nasibu. Jana Meja alifungua matunda, mimi nikafungua mafuta ya kusafishia bunduki. Wenyeji wanatupenda, au wametuzoea. Kuna mkunga hapa, mama mfupi wa sauti nene, ambaye kila asubuhi anapita mbele ya uzio wetu na mkoba wake wa kazi, anasimama, anatazama ndani, anatikisa kichwa na kuendelea na safari. Anakwenda kuzalisha nyumba kwa nyumba. Mkalimani anasema hajawahi kuuliza swali hata moja, jambo linalomtia Meja wasiwasi zaidi.

Umeuliza habari za madirisha. Shangazi, huku kuna upepo ambao hujapata kuuona maishani. Kofia ya Meja ilipeperuka wiki iliyopita na hadi leo inatafutwa na watu wawili. Kwa upepo wa namna hii mapazia yanahitaji kufikiriwa kwa makini, na kufikiri kunataka muda, kwa hiyo msiharakishe. Kweli kabisa, msiharakishe.

Umeandika kwamba mguu hauna neno. Mimi sikuuliza habari za mguu. Una nini?

Mwanao,
Kijiko

20 Machi

Kijiko,

Marahaba. Sote wazima, posa imekubaliwa, harusi mwezi ujao, na gauni limebidi lipanuliwe kiunoni. Mimi sisemi kitu.

Nilikuomba vipimo ukanipa upepo. Kamati ilikaa kusubiri barua yako ukumbini, nikaifungua mbele ya watu, nikatafuta dirisha juu na chini ya karatasi, sikuliona. Fundi Saa akakohoa. Ilinibidi nijitungie pale pale, nikasema umeandika kwamba madirisha ni makubwa kuliko futi mlizonazo, kwa hiyo hayajapimika.

Basi tukapima madirisha ya ukumbi, yale yanayoanza karibu na dari hadi magotini. Nilisema zahanati inayojengwa na jeshi zima haiwezi kuwa na madirisha madogo kuliko ukumbi wa mtaa, na bora pazia lizidi, watapunguza huko huko. Tulishona kamati nzima, mimi kwenye cherehani na wengine kwa mkono. Mwalimu mkuu alijishonea kwenye pindo akabaki kafungwa mpaka tukamkata. Mizigo imeshapakiwa kwenye meli ya jeshi.

Lipo na jambo jingine, na usicheke. Fundi Saa alisema mbele ya watu wote kwamba hakuna zahanati, hakuna hata tofali, na kwamba mapazia yetu yatafunika hewa. Damu ikanipanda. Nikamwambia tuwekeane dau. Nyumba ikionekana, atavaa suti ya kasuku, niliyoishona mimi, na atakaa nayo dukani miezi mitatu. Isipoonekana, nitavaa gauni la kasuku, nitavuka barabara mchana kweupe, nitampa mkono na kumwambia, "Ulisema kweli." Unanijua, mwanangu. Tangu nizaliwe sijamwambia mwanamume yeyote maneno hayo, hata marehemu.

Neno langu na heshima yangu nimeviweka kwako. Usiniangushe.

Shangazi yako

18 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini harusi imefanyika kabla gauni halijapanuliwa tena. Mimi mzima, ingawa silali vizuri.

Mapazia yamefika. Tulipofungua mzigo wa kwanza Meja alirudi nyuma hatua kadhaa. Ni mazuri, mishono imenyooka kweli, na yule askari aliyejifunika moja akidhani ni hema hakuwa na nia mbaya.

Yamekuja wakati wake hasa. Jenerali anatutembelea keshokutwa, akifuatana na watu wa magazeti kutoka nyumbani, kwa sababu Bunge linakaribia na wananchi wanataka kuona fedha zao zimesimama wapi. Meja aliyatazama mapazia kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akasema, "Kijiko, haya yanaweza kutundikwa leo?" Nikasema ndiyo, Afande. Basi yametundikwa, yote, na yanaonekana kutoka mbali mno.

Ukiona picha gazetini, Shangazi, tafadhali itazame kwa umbali wa kiasi. Wino wa magazeti si wa kuaminika ukikaribiwa.

Mwanao anayekupenda,
Kijiko

10 Mei

Kijiko,

Marahaba. Wote wazima.

Picha ilitoka ukurasa wa mbele. Jenerali anatabasamu, nyuma yake mapazia yangu yamejaa upana wote, na juu kabisa kibao chako: ZAHANATI YA URAFIKI. Mtaa ulilipuka. Walinibeba, Kijiko, na unajua uzito wangu, waliobeba ndio wa kupewa medali. Fundi Saa alishika ahadi. Alikuja dukani, akanyoosha mikono, nikampima kifua na mabega, tena kwa heshima. Sasa amekaa barabarani mbele ya meza yake amevaa kasuku kutoka shingoni hadi vifundoni, na biashara yake imechangamka, watu wanapeleka hata saa zisizo na ubovu ili wamuone.

Kisha wote walipoondoka nilivaa miwani yangu ya kutungia uzi nikaiweka picha karibu.

Kwanza, kasuku wangu wote wako vichwa chini. Wote. Nani alitundika? Upindo mpana unakaa chini, mwembamba juu, hata mtoto wa chekechea anajua.

Pili, kati ya pazia la tatu na la nne upepo umefunua kidogo, na kuna ng'ombe. Si mbali huko malishoni. Yuko ndani, mahali panapopasa kuwa na kitanda cha mgonjwa, anatafuna, na nyuma yake naona mlima. Ng'ombe huyu ni daktari au ni mgonjwa? Na ukuta uko wapi, Kijiko? Umeandika inaonekana toka barabara kuu. Ni nini hicho kilichokuwa kinaonekana?

Sijamwambia mtu. Gazeti nimelifunika na sahani. Lakini yule mzee mzima anazunguka na suti ya kasuku kwa ajili ya neno langu, na neno langu nililipata kwako, mtoto niliyekulea kwa mikono hii. Imeniuma. Nakuambia wazi ili usije ukadhani ni cherehani inanitoa machozi.

Samahani kwa herufi zilizochuruzika. Naandikia hapa zahanati kwetu nikisubiri kufungwa bendeji, na mvua imeanza. Daktari ananishikia mwavuli kwa mkono mmoja na mguu kwa mkono mwingine, kwa hiyo siwezi kuandika mengi. Nijibu, na safari hii usiniletee upepo.

Shangazi

3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako nikaisoma nimesimama.

Kilichokuwa kinaonekana ni kibao. Nilikipaka wiki ya kwanza, herufi za urefu wa mtu, na kweli kinaonekana toka barabara kuu. Nyuma yake kuna uzio mzuri, geti, kibanda cha mlinzi na kiwanja kitupu. Saruji ilifika mapema, mchanga haukufika. Mchanga umejaa mtoni, ukitupa jiwe unaupata, lakini Meja hana ruhusa ya kuchota mchanga wa kigeni. Aliomba nyumbani, nyumbani wakamjibu mchanga umo njiani. Tukailinda saruji kwa zamu mpaka mvua ikainyeshea yote, ikawa mawe ndani ya mifuko. Sasa ndiyo viti vyetu. Nilitaka kukuandikia, lakini nilipokuwa naitafuta njia ya kusema wewe ulikuwa umeshapigiwa makofi ukumbini, na kadiri ulivyozidi kupigiwa nilizidi kukwama. Kasuku niliwatundika mimi, gizani, kwenye nguzo za hema. Ng'ombe ni wa mkunga.

Sasa nikusimulie lililotokea. Jenerali alipoondoka, mkunga aliingia getini, mara ya kwanza tangu tufike. Alipita kati ya pazia la tatu na la nne, akatokea upande wa pili, akarudi, akatazama huku na huku, akauliza kupitia kwa mkalimani, "Nyumba mmeificha wapi?" Meja akaanza kumweleza habari za mchanga. Mama yule alicheka, Shangazi, mpaka akaishiwa nguvu akakaa kwenye saruji. Alipomaliza akafuta macho, akasema mapazia yasiondolewe.

Kesho yake alileta kitanda cha kamba akakiweka nyuma ya pazia la kwanza. Kuna kivuli, hakuna anayechungulia, anasema ni pazuri kuliko nyumba nyingi alizofanyia kazi. Wiki ile ile akazaliwa mtoto wa kiume humo ndani, nasi tulikuwa tumesimama nje kwa gwaride tukijifanya hatusikii. Wanamwita Kasuku.

Nilitaka kuwageuza wale ndege ili upindo ukae chini. Mkunga alinikatalia. Anasema mgonjwa akilala chali kichwa kikielekea dirishani, akitupa macho nyuma anawaona wamesimama wima, kwa hiyo aliyewatundika ni mtu mwenye akili sana. Basi nimewaacha hivyo hivyo.

Kisha akaja seremala wa hapa, mtu asiyesema sana. Alipima mapazia yako, akaenda zake, akarudi na miimo ya madirisha inayoyaenea sawasawa. Akaisimamisha kila mmoja mahali pazia lilipo. Baada yake wakaja watu na matofali ya udongo wakaanza kujaza katikati ya dirisha na dirisha. Mchanga wanachota mtoni, hawaombi mtu. Meja alisema kiwanja ni cha jeshi, hakuna amri ya raia kujenga humo. Mkunga akamuuliza kama kuna amri ya wao kutojenga. Meja amekwenda kuitafuta. Akiwa anaitafuta, sisi tunabeba matofali, na jana nilimwona naye amebeba mawili, lakini alipoona nimemwona akaniambia anakagua uzito wake.

Wanataka kumaliza paa kabla Bunge halijaamua, maana tukiondoka uzio, geti na kibanda vinahesabiwa na kurudi nasi. Hivi ndivyo ilivyo. Nyumba inajengwa kufuata mapazia yako, na sijui kama itawahi.

Na mguu? Nimewaeleza watu wa hapa kwamba aliyewashonea mapazia anatibiwa chini ya mwavuli. Mkunga aliniambia nirudie, alidhani mkalimani amekosea.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu Kijiko,

Marahaba, na hii marahaba ni ya moyoni. Mguu ni kidonda cha kukanyaga cherehani, kilianza kidogo nikakipuuza. Nilinyamaza kwa sababu wewe ungetaka kurudi, na Fundi Saa angepata la kusema kuhusu zahanati. Sasa umejua, tusilizungumze.

Bunge limeamua mrudi. Redio imetangaza, mtakuwa mmekwishaondoka huko mwezi wa nane. Mtaani watu wamegawanyika, nusu wanasema afadhali, nusu wananitazama mimi.

Barua yako niliibeba kifuani siku nzima. Ningeweza kusubiri, maana nyumba mnayojenga ingeweza kuwahi na pasingekuwa na wa kunidai. Lakini nilikuwa namwona yule mtu dirishani kwangu kila siku, kavaa kasuku kwa jua lile, anafungua saa za watu kimya kimya, wala hajalalamika. Ikanishinda. Nikaenda ukumbini na gazeti, nikaita kamati nzima, nikawaonyesha ng'ombe. Mwalimu mkuu akauliza kama anatoa maziwa.

Kisha nikavaa gauni la kasuku. Nililishona zamani, sikutaka kukuambia, siku ile ile tulipowekeana, maana mimi fundi na mteja hasubirishwi hata akiwa ni mimi. Nikavuka barabara mchana kweupe, nikichechemea. Watu walitoka madukani. Nikampa mkono, nikasema, "Fundi, ulisema kweli."

Alinitazama, akapandisha ile miwani yake ya jicho moja. Nikamwambia sasa avue suti, ameonewa. Unajua alinijibu nini? "Mama, nivue nguo yangu kwa sababu gani? Hii suti imenikaa vizuri kuliko yoyote niliyowahi kuvaa. Watu wananipungia mkono." Akanivutia kiti. Tukakaa pale wawili, kijani na kasuku, kama kochi moja, akaniambia tuangalie habari za paa la zahanati yetu kabla mguu haujakatwa. Nililia kidogo. Yeye alijifanya anasikiliza saa.

Nyumba ya watu imeisha? Nijibu kabla hujapanda meli.

Shangazi yako

6 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kuanzia sasa mguu upumzike juu ya kigoda, nami nikifika cherehani nitakanyaga mimi, wewe utaongoza kitambaa tu.

Imeisha. Paa limewekwa asubuhi tuliyokuwa tunang'oa uzio. Ni nyumba ya ajabu, ina madirisha mengi kuliko ukuta, na ukikaa ndani unadhani uko nje. Bila mapazia yako mgonjwa angeonekana mpaka mji wa pili. Meja alikagua kila pembe, akasema kwa sauti kali kwamba jengo hili halimo katika hesabu zake, kwa hiyo hawezi kulichukua wala kulikabidhi, na rasmi hajaliona. Kisha akaingia ndani kupimwa shinikizo la damu.

Kibao changu wamekiomba kibaki. Meja alisema kibao ni mali ya jeshi. Nilifuta neno moja, pamoja na YA yake, usiku wa kufunga mizigo, likabaki ZAHANATI tupu, na mali ya jeshi isiyosomeka vizuri huachwa. Urafiki watauandika wenyewe wakiona unafaa.

Shangazi, wameunda kamati. Mkunga ni mwenyekiti. Walikaa chini ya madirisha yako wakakubaliana kwamba haiwezekani mama wa mapazia atibiwe chini ya mwavuli, na kwamba nchi yenye zahanati inayovuja inahitaji kuungwa mkono. Kuna mtengeneza baiskeli mmoja alipinga. Alisema daraja lao lenyewe halijakaa sawa, vipi wapeleke msaada ng'ambo, anauliza tu. Nilimwambia ajihadhari, mambo haya huishia kwenye suti.

Wamewatumia mlango. Seremala ameuchonga mwenyewe, mbao mbili nzito, na umo melini pamoja nasi. Walinitaka vipimo vya zahanati yetu. Nilijaribu kukumbuka nikashindwa, nikawaeleza habari za upepo. Seremala akasema haidhuru, bora uzidi.

Tutachelewa kidogo, wanatuweka kambini kwanza watuhesabu na vijiko vyetu. Mlango utatangulia.

Mwanao,
Kijiko

29 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na nyumba nzima inakusalimu. Mguu uko kwenye kigoda. Binti wa jirani amejifungua, mapema kidogo, watu wanahesabu kwa vidole lakini kimoyomoyo.

Mlango umefika kwa lori la jeshi, wanaume wanane wakaushusha. Umezidi. Tuliuegemeza kwenye zahanati, tukakuta unaipita kimo, ukiufungua unafungua na paa. Watu walisimama wakautazama. Nilisubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka, kwa sababu tulikuwa tunawaza jambo moja sote: mlango ule ni mzuri kuliko nyumba yote, nao umetengenezwa na watu ambao jana waliishi kwenye vifusi.

Fundi Saa, ndani ya suti yake, akasema, "Huu mlango haupunguzwi." Ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, nimempigia kura mimi. Tukausimamisha barabarani peke yake, kwa miti na kamba, mbele ya kiwanja kitupu kando ya zahanati. Gazeti lilituma mtu kupiga picha. Nilimwambia apige hivyo hivyo, mlango na hewa, asifiche ng'ombe wala mbuzi. Ilipotoka, watu walianza kuja na matofali. Sasa ukuta umefika kifuani, na muuza vitambaa analeta mabati. Daktari anaingia kwa mlango kila asubuhi ingawa angeweza kuzunguka. Anafungua, anafunga, anasema anazoea.

Nikuambie la mwisho. Seremala yule amechonga ndege kwenye mbao zote mbili, wakubwa, kila unyoya umekaa mahali pake, kazi ya kunyamazisha mtu. Ni kasuku. Na wote, Kijiko, kuanzia juu hadi chini, amewachonga vichwa chini, kwa sababu ndivyo alivyowaona siku ya kwanza na akaamini ndivyo ndege wetu wanavyokaa.

Mwalimu mkuu alitaka tuugeuze. Nikamwambia asithubutu kuugusa.

Njoo na brashi zako. Kibao bado hakina kitu, na lile neno ulilofuta kule nataka uliandike hapa.

Shangazi yako